Madawati ya Mwekezaji Hayafuti Wajibu Wake



Tuseme mwekezaji anataka kujenga kiwanda kando ya kijito kijijini kwako, wilayani Kasulu au Kibondo. Katika mkutano wa kijiji anaahidi madawati mia moja kwa shule ya msingi, na wananchi wanapiga makofi. Swali moja linabaki bila kuulizwa: majitaka ya kiwanda yatakwenda wapi?

Zamani wema wa kampuni kwa jamii na mazingira ulihesabiwa kuwa hiari. Mwelekeo wa sheria zetu ni kuufanya uwe wajibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Aidha, inaelekeza miradi yenye athari kubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliwataka wamiliki wa leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na kukubaliana na halmashauri juu yake. Tarehe 1 Juni 2019 ilianza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa benki kuhusu hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi.

Kwa wakazi wa nyanda za juu za Kigoma, jambo hili linagusa maji ya kunywa. Vijito vingi vya huku huishia Mto Malagarasi, unaomwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000. Kinachomwagwa mlimani hukutwa na walio bondeni.

Unaweza kufanya nini?

Kwanza, uliza iwapo mradi una cheti cha tathmini. Tathmini ikiwa bado inaandaliwa, toa maoni yako. Wananchi wana haki ya kusikilizwa.

Pili, usiridhike na maneno "rafiki wa mazingira" yaliyoandikwa juu ya bidhaa. Omba uthibitisho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.

Tatu, toa taarifa. Uchafuzi uripoti kwa afisa mazingira wa halmashauri au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Udanganyifu kuhusu bidhaa upeleke Tume ya Ushindani (FCC). Tunza risiti, picha na tarehe ya tukio.

Madawati na yapokelewe kwa shukrani. Lakini swali la maji liulizwe katika mkutano uleule, na jibu la mwekezaji liandikwe katika muhtasari wa kijiji.