Mchezo wa Upelelezi Utungiwe Nani?



Mwenye kutaka kutunga mchezo wa upelelezi wa televisheni kwa watu wa Mbeya na Iringa yampasa ajiulize swali moja kabla hajamchagua mwizi wala askari: Ni nani watakaokaa kuutazama? Wengi huanza na bastola na magari ya kukimbizana, kisha ndipo wakatafuta watazamaji. Sisi twaona huko ni kushona kanzu kabla ya kumpima mvaaji.

Katika nyumba zetu nyingi televisheni ni moja, na baada ya Isha sebule hukusanya bibi aliyelelewa kwa Kihehe au Kinyakyusa, baba, mama, kijana wa sekondari, mtoto wa miaka 6, na pengine jirani. Mchezo ni mmoja, lakini macho si mamoja. Mkubwa hungoja mwisho, akamwona mwizi amefungwa pingu. Mtoto hulala kabla ya mwisho huo, akabaki na jambo moja tu: namna kufuli lilivyovunjwa. Kwa hiyo madhara ya uhalifu yasiwekwe akiba hadi dakika ya mwisho. Yaonekane katika kila sehemu ya mchezo.

Mfano mwema tunao hapa kwetu. Mwaka 1993, televisheni ilipokuwa bado haijaanza Tanzania Bara, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa “Twende na Wakati”. Haukuwa wa upelelezi, lakini ulitungwa kwa hesabu. Kwanza wananchi waliulizwa juu ya maisha yao. Kisha ikafuatwa njia ya Miguel Sabido wa Meksiko, yenye watu wa namna tatu: mbaya, mwema, na yule wa katikati anayesitasita. Mbaya alikuwa Mkwaju, dereva wa lori aliyeshika uasherati hata akapatwa na UKIMWI. Wa katikati alikuwa Tunu mkewe, aliyevumilia, akaanzisha biashara ndogo, hatimaye akamwacha. Hadi 1995 mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Nao wakaona tofauti. Hata jina la Mkwaju likawa jina la kumwonyea mwanamume mzinifu.

Siri yake ilikuwa Tunu. Msikilizaji hakuhubiriwa, alimwona mtu kama yeye akichagua njia.

Basi mchezo wa Nyanda za Juu Kusini uchukue uhalifu gani? Sisi tungechagua mbolea bandia, kwa kuwa mkulima wa mahindi hana haja ya kuelezwa uchungu wake. Mvua zaanza, familia yanunua mifuko kwa fedha ya karo, mahindi yageuka manjano, mtoto arudishwa nyumbani. Mtu wa katikati awe kijana auzaye katika duka la mjomba wake, anayejua kilichomo mifukoni. Je, amtaje mjomba aliyemlea, au anyamaze? Hapo kila sebule itaanza kubishana, na huo ndio mchezo. Na mwizi asitambulishwe kwa kabila lake wala kwa dini yake, kwani jirani wa dini nyingine ameketi papo hapo.

Jambo zito zaidi ni njia ya kumpata mkosa. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, ilipata msiba wa watoto kuuawa mwanzoni mwa 2019, na viongozi wa serikali walieleza kuwa mauaji hayo yalihusiana na ushirikina. Katika nchi yenye jeraha hilo, mtungaji asithubutu kumfanya mganga awe ndiye amtajaye mwizi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikwisha kutuonyesha njia katika “Mzimu wa Watu wa Kale”, kitabu kilichochapishwa 1960. Maiti yaonekana penye mzimu, lakini Bwana Msa hatishwi na mzimu. Huuliza, hupima, huunganisha. Mpelelezi wetu naye ashike uzi ulioshonea mfuko, risiti, na neno la shahidi.

Mwisho, kabla ya gharama kubwa kutumika, sehemu ya kwanza ionyeshwe kwa familia chache za Mufindi, za Rungwe na za Mbeya mjini. Wasiulizwe, “Mmeupenda?” Adabu itawafanya waseme ndiyo. Vijana waulizwe, “Ungependa kuwa nani katika mchezo huu?” Wakimtaja mwizi kwa gari lake na fedha zake, basi mtungaji arudi mezani akaandike upya. Na sisi wazazi tuketi pamoja na watoto wetu, tuwaulize swali hilo hilo kila taa ya televisheni izimwapo.

Wabillahi tawfiq.