Kadi Kabla ya Homa: Mtaalamu wa Bima na Mkulima wa Singida

Mkoani Singida, fedha na maradhi haviingii nyumbani katika msimu mmoja. Alizeti ikishavunwa na kuuzwa katikati ya mwaka, kaya nyingi huwa na chochote mkononi. Mvua za masika zinapoleta mbu na homa, fedha hizo zimekwisha kwenda katika ada, mbegu na chakula. Kazi ya mtaalamu wa bima ya afya, kwa maneno machache, ni kuiwezesha fedha ya Julai imtibu mgonjwa wa Februari.

Kazi hiyo ina historia. Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, mkulima asiye na mshahara alijikuta akitafuta fedha wakati tayari ameugua. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora, jirani na Iramba, kisha ukaenea katika halmashauri nyingine. Kaya ilichangia kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kama hicho kwa utaratibu wa tele kwa tele. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kazi ukiwahudumia watumishi wa umma. Mwaka 2009, Emanuel Humba akiwa Mkurugenzi Mkuu, NHIF ikakabidhiwa usimamizi wa CHF. Wataalamu waliozoea michango inayokatwa katika mshahara sasa walipaswa kuketi na mkulima na kumshawishi.

Ushawishi huo ndio uliowageuza wengi kuwa watetezi wa mageuzi. Mwanachama aliyefika zahanati akaambiwa dawa hakuna, hahuishi kadi mwaka unaofuata. Wazima wakijitoa, hubaki wenye maradhi. Mfuko hulipa kuliko unavyokusanya, na huduma huzidi kudhoofika. Hivyo anayetetea bima hana budi kutetea pia dawa rafuni na mhudumu kazini.

CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, ilijibu sehemu ya malalamiko. Kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ofisa mwandikishaji akaisajili kijijini kwa simu. Na kadi ikatambuliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hata hivyo, kujiunga kulibaki hiari, na wengi waliendelea kungoja waugue kwanza.

Tarehe 1 Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Sheria imefungua mlango, lakini itakayomfanya mkulima aupite ni huduma atakayoikuta ndani.

Ndugu mhudumu, jaza fomu ya madai kwa ukamilifu na kwa wakati: dai lililokataliwa ni dawa isiyonunuliwa. Nawe mgonjwa, kagua kama majina ya wote katika kaya yamo, uliza tarehe ya mwisho ya kadi, na ufuate ngazi za rufaa. Akiba haiozi, na ya afya huwekwa mwili ungali mzima.