Utungaji wa Mitaala kwa Mtazamo wa Ukamilifu na Suala la Lugha Tatu: Mfano wa Boito

Neno mtaala limezoeleka sana katika maandishi ya elimu, lakini aghalabu hutumiwa kana kwamba maana yake ni orodha ya masomo na idadi ya vipindi. Katika makala haya tunalichukua kwa maana pana zaidi, yaani jumla ya yale yote ambayo shule hukusudia mtoto ayapate, pamoja na namna sehemu zake zinavyotegemeana. Wanaodai kwamba mtaala sharti utungwe kwa mtazamo wa ukamilifu hukusudia hasa hilo la pili. Mtoto ni mmoja, na hesabu, kilimo na lugha huingia katika akili hiyo hiyo moja. Dai hili halina mpinzani, na pengine ndiyo sababu halijazaa matunda mengi. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba dai hilo hupimwa kwa haki mahali pamoja hasa, nako ni katika mpango wa lugha.

Historia ya Kenya ni fundisho tosha. Njia Mpya ya Shule za Msingi, iliyoanzia Nairobi mwaka 1957, ilifundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliiunga mkono, ingawa ilikitambua pia Kiswahili kama lugha ya umoja. Kamati ya Gachathi, katika ripoti yake ya mwaka 1976, ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule yake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Kisha Tume ya Koech ikatoa, mwaka 1999, ripoti ambayo jina lake lenyewe lilitaja elimu iliyounganishwa kikamilifu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unaufuata mwito huo huo. Katika hatua zote hizi kila lugha ilipewa nafasi yake, saa zake na vitabu vyake. Uhusiano wa lugha moja na nyingine haukupewa mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Boito. Hii ni wadi ya Konoin, katika Kaunti ya Bomet, nchi ambayo zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kericho. Wakazi wake wengi ni Wakipsigis wenye mashamba madogo ya chai, nao hupeleka majani yao mabichi kwenye vituo vya kupimia, kutoka huko yakachukuliwa na lori hadi viwandani, kama kile cha Mogogosiek. Mtoto wa hapa huanza shule akiwa na Kikipsigis kinywani. Lakini tukielekea Kericho twakuta mashamba makubwa ya makampuni, ambayo kwa miaka mingi yalikusanya vibarua wa Kiluo, wa Kigusii, wa Kiluhya na wengineo. Katika shule za huko lugha inayotawala eneo ni Kiswahili, cha namna yake. Kwa hiyo agizo moja la serikali, kwamba mtoto aanze kwa lugha ya eneo, lazalisha hapa mitaala miwili chini ya jina moja: mtoto wa kambi ya vibarua husoma kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na wa Boito hukikuta kama somo. Baada ya miaka michache wote wawili hutahiniwa kwa karatasi moja.

Tofauti hiyo haingekuwa na madhara makubwa kama walimu wangejua nini hasa mtoto wa Boito anacho na nini hana. Kikipsigis, kama lugha nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi maana kwa ghuna. Sauti p na b, t na d, k na g ni jozi kwetu, lakini kwake kila jozi ni sauti moja ambayo hubadilika kwa kufuata sauti jirani. Ndiyo maana kiambishi kile kile chenye maana ya “kwao fulani” huandikwa kwa p katika Kapsabet na kwa b katika Kabarnet, wala hakuna mwenyeji anayeona ajabu. Mtoto aliyekuzwa hivyo akiandika pata badala ya bata, au doa badala ya toa, hajafanya uzembe. Sikio lake halijaombwa kamwe kuzitenga sauti hizo. Hali kadhalika lugha yake haina f, v, z wala sh, na zawadi ikawa sawadi, shamba likawa samba. Walimu wengi hulihesabu jambo hili kuwa lafudhi mbaya, na watani wa Kenya wamelifanya kichekesho. Ni fonolojia, na yatabirika kabla mtoto hajafungua kinywa.

Hapa ndipo mtazamo wa ukamilifu ungetenda kazi. Upambanuzi wa p na b wahitajika katika Kiswahili na katika Kiingereza sawia. Vivyo hivyo f, v, z na sh. Kwa kuwa vitabu vya lugha hizi mbili hutungwa na jopo mbalimbali, mwalimu wa Kiswahili hulifundisha jambo hilo kwa utaratibu wake, na wa Kiingereza kwa utaratibu mwingine, aghalabu katika muhula mwingine. Mara nyingi ni mwalimu yule yule mmoja, naye hana ruhusa ya kujua alichofundisha saa iliyopita! Mtaala mmoja wa lugha tatu ungelifundisha mara moja, mapema, kwa masikio kwanza na kalamu baadaye.

Ipo pia akiba ambayo haitumiwi. Wanafunzi wa Kikalenjin husemwa kwamba ngeli za Kiswahili huwashinda kwa kuwa lugha yao haina ngeli. Ni kweli kwamba haina mfumo kama wa Kibantu. Umoja na wingi huonyeshwa zaidi kwa miishio ya maneno. Hata hivyo mtoto wa Boito ajua vema kwamba mwanzo wa jina hubeba maana. Mvulana aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech, na msichana ni Chepkoech; wa usiku ni Kipkemoi na Chepkemoi. Mwalimu anayeanzia hapo kwenda kwenye mtu na kitu ana daraja ambalo hakuhitaji kulijenga. Kuhusu nyakati, Kikipsigis hutenga yaliyopita leo, yaliyopita karibuni kama jana, na yaliyopita zamani, kila moja kwa kiambishi chake. Katika Kiswahili -li- yatosha kwa yote matatu. Mtoto akitafuta kiambishi cha tatu asikipate, au akikivuta kiambishi -me- kifanye kazi ya “leo”, mwalimu asiyeijua lugha yake ataona kosa la sarufi tu.

Yaliyosemwa juu ya sauti na viambishi yahusu pia maudhui. Tanzania ilijaribu jambo hili kwa ukubwa baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967: shule iwe na shamba, na shamba liwe sehemu ya masomo. Udhaifu ulioonekana mahali pengi ni kwamba shamba lilikuwa kazi ya jioni, na somo la hesabu la asubuhi halikulihesabu hata gunia moja. Katika nchi ya chai mtoto huona kila wiki mizani, stakabadhi, na malipo ya mwezi yanayofuatwa na bonasi ya mwaka. Ajua kwamba huchumwa majani mawili na kichipukizi. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai iliyokaushwa. Hapo pana uwiano, asilimia, kilimo, na insha ya kueleza utaratibu. Lakini pia pana lugha. Wachumaji wengi wa Kenya husema kuchuna chai, na vitabu husema kuchuma. Mtahini hukata alama bila kuuliza. Mtaala uliofikiriwa kwa ukamilifu ungeyaweka maneno hayo mawili darasani pamoja na lile la Kikipsigis, yalinganishwe.

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi hii iliwahi kuwa na mtu aliyeyaunganisha mambo haya nafsini mwake. Taaitta Toweett, Mkipsigis, alikuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, na mwaka 1976 aliongoza Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Mwaka 1979 alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin, na mwaka huo huo kamusi ndogo ya nomino katika Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Kuziweka lugha tatu katika ukurasa mmoja ndiko hasa tunakokudai hapa. Kwa mwalimu wa Boito nomino peke yake hazitoshi; angehitaji vitenzi pamoja na nyakati zake, jozi za sauti zenye mifano ya kusikiliza, na msamiati wa shambani kama usemwavyo, vyote vikipangwa kwa kufuata darasa la kwanza hadi la tatu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na jopo la Kiswahili peke yake, wala la lugha za kienyeji peke yake, maadamu kila moja hukutana katika chumba chake.