CHATU SI NYOKA MMOJA

Kila msimu wa kuchuma ukikaribia, nasi tukaanza kufyeka magugu chini ya mikarafuu, habari za chatu huzuka mashambani. Mmoja husema kaona nyoka wa mabaka, mwingine kaona mweusi, na wa tatu huapa kwamba aliyemwona yeye ni mrefu kama mnazi. Mara nyingi nyoka huuawa kwanza, na suala la kuwa alikuwa nyoka gani huja baadaye. Basi tumeona yatupasa kueleza hapa chatu ni nyoka wa namna gani, na vipi mwanachama atamtambua kabla hajainua panga.

Kwanza ifahamike kwamba chatu hana sumu. Humvizia mnyama, humkamata kwa meno yaliyopinda nyuma, kisha humzunguka kwa mwili wake na kumbana mpaka damu ishindwe kutembea. Halafu humeza mzima. Hula panya, ndege na paa wadogo. Na akipata nafasi, hula kuku na mbuzi wetu pia.

Chatu wa Afrika, ambaye Unguja yupo, hujulikana kwa alama hizi. Mwili wake ni wa rangi ya udongo, na mgongoni ana mabaka makubwa ya kahawia iliyokoza, yenye ukingo mweusi. Tumbo lake ni jeupe lenye vidoa vyeusi. Utosini ana alama nyeusi mfano wa ncha ya mkuki. Midomoni ana vishimo, na kwa vishimo hivyo huhisi joto la mnyama gizani. Mara nyingi urefu wake ni baina ya futi 10 na 16. Wa futi 20 ni nadra sana.

Zamani wataalamu walimhesabu kuwa nyoka mmoja. Siku hizi humgawa mara mbili. Chatu wa kaskazini, aliyeenea kutoka Afrika Magharibi mpaka Kenya na Tanzania, ana magamba makubwa kichwani na baka kubwa jeusi mbele ya jicho. Chatu wa kusini, aliyeenea kutoka Kenya mpaka Afrika Kusini, magamba yake ya kichwani ni madogo madogo, na baka la jicho ni dogo au halipo kabisa. Yuko na mdogo wao, apatikanaye Afrika Magharibi mpaka Uganda. Huyo kwa kawaida hapiti futi 5, na akitishwa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati.

Sasa tutazame nchi nyingine za karafuu. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia, na wakulima wenzetu wa huko wana chatu wao. Mkubwa wao mgongo wake una michoro kama wavu wa mvuvi, mistari myeusi na manjano, na madoa meupe ubavuni. Macho yake ni ya rangi ya shaba, na kichwani ana mstari mwembamba mweusi katikati. Huyu hupita futi 20, na ndiye nyoka mrefu kuliko wote duniani. Katika Machi 2017, kisiwani Sulawesi, nyoka wa aina hii alimmeza mkulima aliyekwenda peke yake kuvuna chikichi. Kwa hiyo hofu ya watu si ya bure, ijapokuwa mambo hayo ni nadra.

Na Madagaska, ambako karafuu hulimwa sana, hakuna chatu hata mmoja. Nyoka wakubwa wa huko ni jamaa nyingine, waitwao boa. Kwa sura hufanana na chatu, lakini boa wa Madagaska huzaa watoto hai, na chatu hutaga mayai. Chatu jike wa Afrika huyazunguka mayai yake mpaka yaanguliwe.

Lililo zito kwetu ni kutomchanganya chatu na kifutu wa bara, ambaye wengine humwita bafe. Wanachama wenye mashamba au jamaa Tanganyika wamkumbuke. Kifutu ni mfupi, futi 3 hivi, mnene, magamba yake yanakwaruza, na mgongoni ana alama zilizopinda mfano wa herufi V. Huyo ana sumu kali. Mtu akimwona kifutu akadhani ni chatu mchanga, akataka kumshika, amejitafutia mauti.

Faida ya chatu ni panya. Panya hututafunia mihogo, ndizi na nazi changa zilizo baina ya mikarafuu yetu, na chatu huwala bila ya mshahara. Kila chatu tunayemuua, tumewapunguzia panya adui mmoja.

Kwa hayo twashauri hivi. Kabla ya kufyeka kichaka au kuinua gogo, pigapiga kwa fimbo ndefu. Wachumaji wasiende peke yao penye magugu, na watoto wadogo wasiachwe chini ya miti bila mtu mzima. Mabanda ya kuku na mbuzi yazibwe vyema magharibi. Ukimkuta chatu, rudi nyuma, umwachie njia. Akiwa juu ya mayai, usimkaribie kabisa. Aliyeumwa na chatu aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali, kwani hata jeraha lisilo na sumu laweza kuleta pepopunda. Na aliyeumwa na nyoka asiyemjua asingoje hata kidogo.

Tazama kichwa, tazama mgongo, ndipo uamue. Panga lisitangulie macho.