Baiskeli iliyopata ajali: Kipi kinyooshwe, kipi kitupwe

BAISKELI ikishagongwa na daladala au kutumbukia mtaroni, mwenye nayo humwendea fundi na swali moja tu: itagharimu kiasi gani? Ni swali la haki, kwani wengi wanaoitumia mijini wanaitegemea kwa riziki, wakisambaza maziwa, mikate au mkaa. Hata hivyo, swali linalopaswa kutangulia ni kipi kitanyooshwa kikadumu, na kipi kikinyooshwa kitamkatikia mwendeshaji barabarani.

Jibu linategemea kwanza aina ya metali. Chuma, kama kile cha fremu za Phoenix kutoka China au Hero kutoka India, kikipinda kidogo hukubali kurudishwa. Aluminiamu, ambayo hutumika katika baiskeli nyingi za mtumba zenye gia, haina uvumilivu huo. Usukani wa aluminiamu ukipinda na kunyooshwa unaweza kubaki na nyufa zisizoonekana kwa macho, kisha ukakatika ghafla siku nyingine bila dalili yoyote.

Kinachowatisha wengi ni gurudumu linaloyumba, ilhali matengenezo yake ni ya bei nafuu. Fundi huipindua baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu na kutazama rimu inapokaribia raba ya breki. Ikiegemea kushoto, spoku za upande wa kulia hukazwa na za kushoto hulegezwa mahali hapo, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi. Spoku zilizokatika hubadilishwa moja moja. Fundi anayetaka kukuuzia gurudumu zima kwa ajili ya spoku tatu anastahili kuulizwa sababu. Sababu ya kweli ipo endapo rimu yenyewe imekunjika au imepasuka penye matundu ya spoku. Baada ya kutumika siku chache, gurudumu lirudishwe likaguliwe tena, kwani spoku hulegea zinapozoea mzigo.

Upande wa gia, wengi hupoteza fedha bure. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, mnyororo huanza kurukaruka, na mwenye baiskeli huambiwa anunue mtambo mzima wa nyuma unaohamisha mnyororo. Mara nyingi kilichopinda ni kipande kidogo tu kinachoushikilia mtambo huo kwenye fremu. Katika fremu za aluminiamu, kipande hicho hufungwa kwa skrubu na kimetengenezwa kiwe dhaifu kwa makusudi, ili kivunjike chenyewe na kuinusuru fremu. Maumbo yake ni mengi mno, hivyo cha zamani kipelekwe dukani kulinganishwa na kipya. Kisiachwe kimepinda, kwani mtambo ukielemea ndani unaweza kunasa kwenye spoku na kulifunga gurudumu ukiwa mlimani.

Fremu nayo inaweza kupimwa kwa uzi. Fungeni ncha moja mahali ekseli ya nyuma inapokaa, upitisheni uzi mbele ya bomba la usukani, kisha murudishe hadi upande wa pili wa ekseli. Pimeni nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, fremu imepinda. Aidha, tazameni rangi chini ya bomba la usukani: ikiwa imejikunja au kupasuka, baiskeli iligonga kwa mbele na bomba lenyewe limeumia. Ya chuma ipelekwe kwa fundi mzoefu. Ya aluminiamu isiendeshwe tena.

Pasipofaa kubana matumizi hata kidogo ni kwenye uma wa mbele unaoshika gurudumu. Wapo mafundi wanaoupasha moto na kuugonga kwa nyundo hadi uonekane umenyooka. Moto huo hudhoofisha chuma na unaweza kulegeza maungio, nao uma ukikatika mwendeshaji huanguka kwa uso. Uma wa mtumba ulio mzima, uliotolewa kwenye baiskeli ya saizi ileile, ni nafuu na ni salama zaidi.

Kofia ya kujikinga haina fundi. Povu gumu lililo ndani yake hubonyea mara moja kupunguza kishindo, na halirudi tena, hata kama ganda la nje linang'aa.