Kisauni Kabla ya Daraja

Mtoto apandaye matatu kutoka Kisauni kwenda mjini humsikia utingo akiita "Kengeleni!" kila siku, na huenda akapitisha miaka asijue ni kengele gani inayotajwa. Siku akiuliza, wengi wetu humjibu kwa mkato, "Ya wamisheni," kisha tukageuza mazungumzo. Juma hili twapenda kulijibu swali lake kwa ukamilifu, kwa kuwa humo mna habari ya mwanzo wa mtaa wetu, na mna jambo ambalo familia zetu zimelinyamazia kwa muda mrefu.

Kwanza tuseme kwamba bara yetu haikuwa pori lililongoja wageni. Kongowea, ambayo leo yajulikana kwa soko lake, ni jina la kale. Mapokeo ya wazee yalihusisha na Mombasa ya awali, iliyotawaliwa na malkia Mwana Mkisi kabla ya zama za Shehe Mvita. Changamwe nayo imo katika majina ya Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana. Kisauni palikuwa ng'ambo, mahali pa kuvukia kwa mashua. Kufikia karne ya 19, watu wa mjini walikuwa na mashamba huku, ya minazi, miembe, mihogo na mtama, na majirani zao walikuwa Wamijikenda.

Ni nani aliyelima mashamba hayo? Hapa ndipo wasimulizi wengi hukohoa. Kazi kubwa ilifanywa na watumwa: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo waliotekwa mbali, wakapitishwa Kilwa na Unguja, wakafikishwa pwani yetu bila ndugu wala jamaa.

Mnamo tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, baada ya kushinikizwa na Uingereza. Mjumbe aliyetumwa kwa shauri hilo aliitwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na likazuka swali: watu hawa waliookolewa wapelekwe wapi? Mwishoni mwa mwaka 1874 alifika Mombasa mmisheni William Salter Price wa Church Missionary Society, na mwaka uliofuata ardhi ilinunuliwa Kisauni. Makazi hayo yakaitwa Frere Town.

Baadhi ya wakaazi wake wa kwanza walikuwa wametoka India. Walikuwa Waafrika waliookolewa baharini wangali watoto, wakapelekwa Bombay, wakalelewa Nasik na kufundishwa kusoma na kazi za mikono. Waliporejea walikuwa watu wazima wenye majina mapya na lugha za ugenini, na pwani ikawaita Wabombay. Kisha, kabla ya mwaka 1875 kwisha, wakateremshwa mamia ya watu waliotolewa majahazini, wanaume kwa wanawake, na watoto wasiojua mama zao wako wapi. Hao ndio walioanzisha mtaa. Wakafyeka, wakajenga, wakaoana. Kengele ikawa ndiyo saa yao, na husimuliwa kwamba ililizwa pia kuwaonya pindi walipohofiwa wavamizi wa kuwarudisha utumwani.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Watumwa wa mashambani walipoona wenzao wanaishi huru, wengi walitoroka, wakakimbilia Frere Town na Rabai. Wenye mashamba wakaghadhibika, na mwaka 1880 mji mzima ulichemka hata ikatishiwa kuvamia makazi yale. Wala hatusemi kwamba ndani ya Frere Town palikuwa na raha tupu. Miaka ile ile yalizuka malalamiko kwamba wakaazi walipigwa viboko na kufungwa kwa amri ya msimamizi wao, na hatimaye akaondoka. Ugomvi wa watoro ulipata suluhu pale kampuni ya Kiingereza iliyokuja kuitawala pwani ilipowalipa fidia wenye watumwa, na siku ya mwaka mpya wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakaandikiwa huru. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani hii hadi mwaka 1907. Maana yake ni kwamba wako miongoni mwetu watu ambao bibi zao walizaliwa katika hali hiyo, na wengine ambao babu zao waliimiliki.

Daraja la kuelea la Nyali lilikamilika mwaka 1931, na hili tulitumialo likafunguliwa mwaka 1980. Watu wakaja kutoka kila upande, na Kisauni ikawa mji juu ya mji. Wengi hudhani historia yake inaanzia hapo. Lakini yale ya mwanzo hayakuzama, nayo hujitokeza siku ya posa. Nani kati yetu hajasikia, chumbani ambako akina mama wanashauriana, sauti ikishushwa na neno likisemwa juu ya asili ya kijana, kwamba "kwao hawajulikani"? Kijana ana dini, ana adabu, ana kazi ya halali, na posa inarudishwa kwa jambo ambalo babu yake mkuu hakulitenda bali alitendewa.

Tukumbuke pia yale tuliyoyapokea kwao. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa kilichotoka mwaka 1979, ameonyesha jinsi mila nyingi za makungwi zilivyoletwa na wanawake waliokuja pwani kama watumwa. Baadaye, yeye na Sarah Mirza waliandika maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kwa kauli zao wenyewe. Miongoni mwao wamo Kaje wa Mwenye Matano, wa ukoo wa waungwana, na Mishi wa Abdala, kungwi aliyetokana na watumwa. Wanawake hao wawili waliishi mji mmoja na kushiriki arusi zile zile. Basi binti zetu wa kila ukoo wamefundwa na watu ambao sisi twaona haya kuwaoza wana wetu.

Dini yetu haikutuachia udhuru. Surat al-Balad inaitaja kazi ya kumwacha huru mtumwa kuwa ni kuupanda mlima mgumu, na sauti ya kwanza ya adhana mjini Madina ilikuwa ya Bilal, ambaye alikuwa mtumwa. Aliyekombolewa hapaswi kudaiwa tena na wajukuu wa jirani.

Twawaomba wasomaji wetu jambo dogo. Bibi akiwapo nyumbani, mketi naye jioni moja mumuulize: kabla ya daraja tulikuwa wapi, shamba lilikuwa la nani, nani alilima, na nani alikuja bila jamaa akawa jamaa yetu? Andikeni majina ayatajayo, yote, pamoja na yale anayoyataja kwa sauti ya chini. Wazee wenye habari hizi wanapungua kila mwaka. Na posa nyingine ikija, tuulize juu ya dini ya kijana na tabia yake, kisha tumnywee chai.

Ama yule mtoto wa kwenye matatu, ajibiwe kwamba kengele ile waliisikia watu waliofika hapa hawana kwao, na Kisauni ikawa kwao. Wallahu aalam.