Usafi Uliowaua Samaki Wetu

Akina mama, tumelelewa kujua kwamba nyumba safi ni ile ambayo sufuria zake zinang'aa na sakafu yake imepigwa deki. Kwa moyo huohuo, Jumamosi moja tulilivamia tangi la samaki lililopo sebuleni. Tuliwaweka samaki sita kwenye beseni, tukamwaga maji yote, tukasugua vioo kwa sabuni, tukaosha changarawe mpaka ikatakata, kisha tukajaza maji ya bomba. Lilipendeza mno! Jumatatu asubuhi samaki wanne walikuwa wanaelea, na mtoto wetu wa darasa la pili akauliza, "Mama, mbona kwenye uchafu hawakufa?"

Hatukuwa na jibu. Tulilipata baadaye, kwa kuuliza na kusoma.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Amonia ni sumu. Lakini kwenye changarawe, na hasa kwenye sponji ya chujio, wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili zaidi. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha. Sisi tuliwasugua kwa asubuhi moja! Juu ya hayo, maji ya bomba yana klorini, dawa ileile inayotukinga sisi na kipindupindu. Kwa samaki huunguza matamvua.

Siku hizi hatulimwagi tangi. Lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54 likijaa pomoni. Kila wiki tunatoa kama robo ya maji kwa mpira, tukiupitisha chini kwenye changarawe ili ufyonze uchafu. Maji ya kurudishia yanakuwa yamelala usiku kucha kwenye ndoo isiyofunikwa, klorini ipungue. Sponji tunaikamua ndani ya maji yale machafu tuliyoyatoa, wala haionjeshwi bomba. Najua inakera kuosha kitu kwa maji machafu, hata sisi ilituchukua muda kuizoea. Utando wa kijani tunaufuta kwenye kioo cha mbele tu, kwa kitambaa kisichowahi kuguswa na sabuni. Tangu tulipolihamisha tangi mbali na dirisha lenye jua, umepungua sana. Chakula ni kile wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu. Wageni wenye vipande vya mkate tunawakataza kwa upole.

Sasa tuje kwenye hewa. Wengi tunadhani samaki wanavuta yale mapovu ya pampu. Sivyo. Kazi kubwa ya mapovu ni kupandisha maji ya chini na kuuchezesha uso wa maji, kwa maana ni hapo juu ambapo oksijeni nyingi huingia na hewa chafu hutoka. Ndiyo maana bakuli la duara lenye mdomo mwembamba, zuri la kuweka mezani, huwatesa samaki. Joto nalo hupunguza hewa: lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 ni kama 7 na nusu tu. Sisi tunaoishi pwani tunajua Februari ilivyo. Samaki wakionekana alfajiri wamejipanga juu wakitweta, hawaombi chakula, wanakosa hewa.

Pampu tuliipachika juu zaidi ya usawa wa maji, kwani umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira wa hewa mpaka kwenye mashine. Na kabla ya kuingiza mkono, tunachomoa waya ukutani.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, tunaacha kuwalisha, tunafungua kifuniko, na kila baada ya dakika chache tunachota maji kwa jagi na kuyamwaga humohumo kutoka juu kidogo. Mwezi uliopita giza lilituchukua tangu saa moja jioni hadi saa sita usiku. Yule mtoto alikataa kwenda kulala. Alikaa kwenye stuli kando ya taa ya chemli, jagi mkononi, akichota na kumimina, na wale samaki wawili waliobaki wakizunguka chini yake.